Kituo cha Kuchora Maji

Usiku wa jana niliota ndoo yangu imeniweka kwenye foleni ya maji, halafu ikaondoka.

Kwetu mtu hapangi foleni mwenyewe. Unaweka ndoo, unakwenda zako shambani au unakwenda kulala, na ndoo inakushikia nafasi. Kama ndoo huna, unaweka jiwe, au hata kiatu kimoja. Hakuna anayeiruka ndoo ya mwenzake. Tuna tabia nyingi mbaya, lakini hiyo hatuna. Sasa kwenye ndoto mambo yalikuwa kinyume. Watu tumekaa chini mstari mmoja, kila mtu mahali alipowekwa, na ndoo ziko kivulini zinapiga soga.

"Baba Holo," ndoo yangu iliniambia kabla ya kuondoka, "kaa hapo hapo. Naenda mara moja kuwasalimia wenzangu. Mtu akikuruka usinyamaze."

"Nikisikia njaa?"

"Wewe uliwahi kuniuliza mimi kama nasikia njaa?"

Ni kweli sikuwahi.

Mbele yangu alikuwa amekaa jirani yangu, Bibi Ng'washi, mikono magotini. Akageuka.

"Wewe umewekwa na nini?"

"Na ndoo."

"Una bahati. Mimi nimewekwa na jiwe. Jiwe halina haraka ya kurudi."

Foleni ilielekea kwenye tenki la kijiji. Hapa lazima nieleze habari za tenki hilo, maana ndoto yenyewe haikueleza, ilijua kwamba najua.

Ni tenki la zege, refu kuliko kanisa. Lilijengwa miaka minne iliyopita. Siku ya kulizindua tulicheza ngoma, mgeni akafungua koki, maji yakatoka, akanawa, tukampigia makofi. Yalitoka siku kumi na mbili. Nilizihesabu. Tangu hapo ukifungua koki unatoka upepo, tena upepo wenye harufu ya chuma. Kamati ya maji ipo. Mwenyekiti wake ni Bwana Luhende. Vikao vyao huwa na maji ya chupa.

Miezi minane iliyopita Luhende alipita njiani na kipaza sauti anasoma karatasi: "Jumamosi asubuhi wananchi wote tenkini, kuchola maji!" Karatasi ilisema kuchora. Lakini ulimi wetu sisi Wasukuma na herufi r hawajawahi kuelewana, na isitoshe, nani aliwahi kusikia kwamba maji yanachorwa? Kijiji kizima tukasikia kuchota. Mke wangu Nkamba aliamka mapema kabisa, akabeba ndoo zetu mbili, akaenda akikimbia.

Alirudi saa saba mchana. Ndoo zote mbili tupu. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa cha buluu.

Akaniambia kwamba huko tenkini walimkuta msichana wa mjini, anaitwa Dada Veneranda, ana makopo ya rangi na brashi. Wanawake walipoona hakuna maji walitaka kumpiga. Yeye akawauliza tu: mnakumbuka maji gani? Basi wakaanza kubishana. Huyu anasema pale kwa Gambishi palikuwa na dimbwi, yule anasema siyo hapo, ni ng'ambo ya mbuga. Bibi Ng'washi akalia kwa ajili ya kijito kilichokauka yeye akiwa mwali. Kila mmoja akapewa brashi achore maji yake ukutani. Wakachora yaliyokufa, wakachora na yaliyopo. Wakachora lambo letu vilevile lilivyo, la kahawia, ng'ombe wamesimama upande huu wanakojoa, wanawake wameinama upande ule wanachota. Wakachora na koki yetu, na utando wa buibui mdomoni mwake.

Nkamba hakujua kushika brashi. Alichovya kiganja kwenye rangi ya buluu, akakibandika chini kabisa, karibu na koki. Wakamwambia, mbona lambo ni la kahawia? Akajibu, "Huko chini yapo masafi. Mimi nayajua." Akanisimulia hayo yote anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka namna ile tangu binti yetu Holo aolewe.

Nilimwambia maneno machache. Sitayaandika. Akachukua ndoo zake akaenda lamboni. Siku ya nne yake kipindupindu kikamchukua.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kwa nini mke wangu amekufa, aende akamuulize Luhende. Nilisema hivyo msibani mbele ya watu, na ninasema hivyo hadi leo.

Ule mkono ulibaki ukutani. Vidole vitano vimetanuka, na kidole kidogo kimepinda, maana alikivunja na kamba ya kisima akiwa msichana, kikaunga vibaya. Pembeni yake palikuwa na sehemu haina rangi, kama upana wa sahani. Dada Veneranda aliiacha kwa ajili yangu. Aliniita mara mbili niende kuweka changu. Nilimjibu mimi si mtoto wa chekechea. Mambo ya kuchora siyapendi. Nilikuwa napita pale jioni tu, naweka kiganja changu juu ya kile cha Nkamba, naondoka. Zege huwa la baridi.

Wiki iliyopita kamati ikatangaza: mgeni mkubwa anakuja, picha ile inatia aibu, tenki litapakwa chokaa.

Sasa turudi kwenye foleni.

Luhende yuko juu kabisa ya ngazi, amevaa suti, anapaka chokaa kutoka juu kwenda chini. Ameshamaliza mawingu. Yuko kwenye kijito cha Bibi Ng'washi. Mkono wa Nkamba uko chini, mita tatu hivi kutoka kwenye brashi. Nikaelewa mara moja. Foleni isiposogea, chokaa itaufikia kabla yangu, na mimi sina mkono mwingine wa Nkamba mahali popote. Hatukuwahi hata kupiga picha.

"Wananchi, msisukumane," likasema tenki.

Lilikuwa na sauti ya mtu anayeongelea ndani ya chungu. Hakuna aliyeshangaa. Juu yake palikuwa na kibao: KITUO CHA KUCHORA MAJI. Mtu akifika mbele anapewa kipande cha mkaa, anaambiwa achore anachotaka.

Zamu ya Bibi Ng'washi ikafika kabla jiwe lake halijarudi. Akachora debe. Tenki likamkabidhi debe lililojaa. Akalinyanyua, likamwagika lote miguuni.

"Hukuchora kitako," likasema tenki.

"Debe lolote duniani lina kitako!"

"Hili ulilichora wewe, mama. Mwingine."

Mwingine ni mimi. Ndoo yangu ikaja mbio kutoka kivulini, ikasimama pembeni yangu kama inanijua.

"Nataka ule mkono," nikasema. "Pale chini. Wa mke wangu."

"Namfahamu," likasema tenki. "Ndiye mtu wa kwanza kunigusa bila kunilaani. Na ile sehemu uliyoachiwa wewe inaniwasha miezi minane sasa. Sina namna ya kujikuna."

"Nitafanya utakachosema. Niangushie tu huo mkono."

"Soma sheria kwanza."

Nikasoma. Niliishia darasa la nne, lakini sheria ile ilikuwa fupi. MTU MMOJA NDOO MBILI.

"Ya pili iko wapi?"

"Watu wa afya waliichukua baada ya msiba. Walisema wanaenda kuipima."

"Imepona?"

"Sijui. Haijarudi."

"Basi wewe ni nusu mtu," likasema tenki, bila ubaya wowote. Nikajitazama, na kweli upande wangu wa kushoto haupo. Nilikuwa na jicho moja, mguu mmoja, nusu ya shati. "Nenda ofisini, ulete kibali cha mtu wa ndoo moja. Fanya haraka. Luhende ameshafika kwenye ng'ombe."

Nikaruka kwa mguu mmoja, ndoo ikinifuata, tukaingia ofisini. Ofisi iko katikati ya lambo. Maji yanafika kiunoni. Luhende amekaa mezani, suti yake kavu kabisa, ijapokuwa namsikia kule nyuma bado yuko kwenye ngazi anapaka. Viongozi wanaweza. Sisi wengine mtu akiwa msibani hayuko shambani.

"Karibu, mzee wangu. Pole na safari. Tatizo?"

"Nataka kibali cha ndoo moja. Mke wangu amefariki."

Akafungua fomu. Ng'ombe aliyekuwa nyuma yake akainama akanywa wino wote wa muhuri.

"Sababu ya kifo?"

"Maji."

"Ya kukosa au ya kunywa?"

"Yote mawili."

"Fomu ina nafasi moja tu."

"Andika alikosa masafi akanywa machafu."

"Hiyo ni sentensi, mzee. Hapa panatakiwa alama ya vema." Akanitazama kwa huruma, ile huruma wanayofundishana. "Kamati imesikitishwa sana. Tulilijadili suala lako kwenye kikao."

"Mkaamua nini?"

"Tuliamua limejadiliwa."

"Luhende, umemuua mke wangu."

"Njoo Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu."

"Basi umewahi mno," akasema, na akapiga muhuri usio na wino kwenye paji la uso wangu. "Mwingine!"

Nikageuka niondoke, maji yakawa yameisha. Nilikuwa nimesimama makaburini, kwenye udongo mkavu, jua la saa sita kichwani. Mbele yangu ni kaburi la Nkamba na ule msalaba nilioupigilia mwenyewe. Sikuwa na nguvu siku ile, misumari ikaingia juu mno, ubao wa kukingama ukakaa kwenye ncha kabisa. Watu msibani walinong'ona kwamba nimemwekea mke wangu herufi.

"Walikuwa sahihi," ukasema msalaba. "Mimi ni T."

"T gani?"

"Wa kuchota. Nilikuwa kwenye kibao cha tenki. Siku waliyoleta maji ya kuchora, nafasi yangu wakampa R. Barua sikupewa, nilikuta tu kiti kimekaliwa. Nimezunguka kutafuta kazi mpaka nikapata kibarua hiki cha kusimama kichwani kwa mkeo."

"Mbona hukusema miezi yote hii?"

"Ulikuwa unaongea wewe. Kila ukija hapa, Luhende hivi, Luhende vile, kamati, mgeni, mkandarasi. Mtu atapenyeza neno saa ngapi? Hata yeye huko chini alitaka kukuuliza kitu, akaghairi."

Nikakaa kwenye udongo.

"Kitu gani?"

"Hakuniambia. Mimi ni herufi moja, sibebi ujumbe mrefu." Akajing'oa, akajipangusa udongo kwenye mguu. "Twende. Nasikia brashi."

Tukaenda. Yeye anadunda kwa mguu mmoja, mimi nadunda kwa mguu mmoja, ndoo inabingirika katikati. Mtu angetuona angesema tunacheza, lakini hakuna aliyekuwa anacheka.

Tulipofika chokaa ilikuwa imemaliza ng'ombe wote na wanawake wote wanaochota. Lambo lilikuwa limebaki ukanda mwembamba wa kahawia. Luhende ameshuka ngazi mpaka kipandio cha pili. Brashi yake iko juu ya mkono wa Nkamba kama mita moja.

T akapanda kwenye kibao. R alikuwa amekaa pale ametanguliza mguu.

"Bwana, ondoka hapo," akasema T.

"Mimi nimeletwa na barua."

"Watu wanakufa kwa kiu."

"Sikatai. Lakini wakati mimi sijafika, wewe ulikaa hapa miaka mitatu na zaidi, kibao kinasema kuchota. Walichota nini?"

T akaiangalia koki. Na mimi, niliyekuwa chini, nikaiangalia. R akaendelea, kwa upole kabisa, "Mimi nilipokuja angalau waliongea. Yule bibi alikilia kijito chake. Walianza kusema lambo lizungushiwe miba ng'ombe wasiingie. Mpaka wakakata miba. Nani aliwazuia?"

"Luhende," nikasema.

"Na wewe ulikata mti gani?"

Sikukata mti wowote. Walipita kwangu kuniomba panga, nikawaambia hiyo ni kazi ya kamati.

T hakungoja zaidi. Akamshika R mguu, wakaangushana, kibao kikayumba, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa juu, kibao kinasomeka KUCHOTRA, tenki likapiga chafya. Kisha R akateleza akadondoka, akakaa chini anajipapasa nyonga. Kibao kikasomeka KITUO CHA KUCHOTA MAJI.

Koki ikakohoa. Utando wa buibui ukachanika. Na picha yote, hata ile iliyokwisha kupakwa chokaa, ikaanza kuchuruzika. Kijito cha Bibi Ng'washi kikatoka chini ya weupe kikamfuata hadi miguuni, akakikanyaga huku anakitukana kwa furaha, "Mshenzi wewe, ulikuwa wapi!" Watu wakanyanyuka, ndoo zikaja zinakimbia zenyewe. Kila mtu anapiga kelele, chota, chota, kabla hawajafunga!

Mimi nikaweka ndoo chini ya mkono wa Nkamba.

Haukudondoka.

"Shuka," nikasema. "Mama Holo, shuka, anakuja na chokaa."

"Baba Holo," ukasema mkono. Ilikuwa sauti yake, ile ya asubuhi, kabla hajanywa kitu. "Siku ile ulisemaje?"

"Siku ipi?"

"Usinifanye mjinga mbele ya watu."

"Nilisema Luhende ametudanganya. Nilisema kamati..."

"Hayo uliyasema msibani. Nakuuliza siku ile. Nilirudi nacheka, nikakuonyesha kiganja. Ukasemaje?"

Brashi ya Luhende ikagusa ncha ya kidole chake kirefu. Ikawa nyeupe.

"Shuka kwanza, nitakwambia nyumbani."

"Nyumbani ndiko ulikosemea."

Weupe ukafika kwenye kiungo cha kwanza. Luhende hana habari na sisi, anapiga mluzi. Watu wote wamesogea, ndoo zao mikononi, wanasikiliza. Hata tenki lilikuwa limezuia pumzi.

Nikasema. "Nilisema, rangi haipikiwi ugali. Nilisema, nenda lamboni kama wanawake wenzako, na usirudi bila maji."

"Haya," ukasema mkono. "Ndivyo ulivyosema."

Haukusema umenisamehe. Haukusema haujanisamehe. Ulijibandua tu ukutani, ukadondoka kwenye ndoo kwa sauti ndogo, kama kikombe kimoja cha maji. Nusu yangu ya kushoto ikarudi. Luhende akapitisha brashi mahali ulipokuwa, halafu akapitisha kwenye ile sehemu yangu tupu, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Tenki lote likawa jeupe kama sanda.

"Safi," akasema. Koki ikaacha kutoka.

Nikajitwisha ndoo kichwani, nikaanza safari ya kwenda nyumbani. Ni mwendo wa dakika ishirini. Maji yake yalikuwa mepesi. Nilikuwa nasikia vidole vinagusagusa plastiki, polepole.

"Unanibeba vizuri," ukasema mkono. "Hukuwahi kujitwisha ndoo."

"Sikuwahi."

"Shingo inauma?"

"Inauma."

"Eh."

Ningenyamaza hapo. Lakini njia ile inapita nyuma ya nyumba ya Luhende, na nyumba ya Luhende ina mabati mapya, na mdomo wangu umezoea. Nikasema, "Unaona? Huyu ndiye aliyekuua." Tone la buluu likapita usoni kwangu likadondoka vumbini. Nikashusha ndoo. Kidole gumba hakipo.

"Ndoo imetoboka," nikasema.

"Mimi sijatoboka," ikasema ndoo. "Chunga maneno yako."

Nikajitwisha tena. Mbele kidogo nikakuta jiwe la msingi la mradi, lenye jina la mgeni yule aliyenawa, nikasema yeye ndiye aliyeanza. Kikavuja kidole cha shahada. Nikasema watu wa afya, wangekuja mapema. Kikavuja cha kati. Nilijua kinachotokea. Niliona kabisa. Lakini niambie, mtu afanyeje, maana yote niliyokuwa nasema yalikuwa kweli. Yule mkandarasi aliyetandaza mabomba ya kupasuka ni kweli. Nikamsema na yeye, kikatoka cha pete. Kiganja kizima kikafuata, buluu yote shingoni mwangu, kifuani, njiani, vumbi linainywa bila kushukuru.

Nikasimama. Nyumba naiona. Ndoo kichwani ni nyepesi kama haina kitu.

"Umebaki?" nikauliza.

"Nimebaki kidogo."

"Bado sijamsema mmoja."

"Najua," ukasema. Lilikuwa jina moja, fupi, langu mwenyewe, naliitikia kila siku nikiitwa. Sikulitamka. Nilifunga mdomo kwa meno na kutembea hatua zilizobaki bila kusema lolote juu ya mtu yeyote. Zilikuwa hatua sitini na moja. Sijawahi kutembea mbali vile.

Nikaweka ndoo nyuma ya mlango, mahali pake. Nikainama kuangalia ndani.

Hapo nikaamshwa na kelele. Asubuhi imekucha, nje watu wanakimbia, ndoo zinagongana. Nikamsikia Bibi Ng'washi anapiga ukuta wangu kwa kiganja.

"Wewe mjane! Amka! Yanatoka! Wamejaza tenki kwa gari la boza tangu alfajiri, mgeni anafika saa nne. Watafunga akishaondoka. Beba chochote ulicho nacho!"

"Tenki likoje?"

"Likoje vipi? Jeupe. Wamelipaka jana jioni. Lete ndoo, acha maswali, nimekuwekea jiwe kwenye foleni!"

Nimeamka. Maji ndani hayakuwepo hata ya kunawa uso. Ndoo ni hiyo moja, nyeupe, ilikuwa nyuma ya mlango nilipoiacha juzi, kavu. Nimeishika mshikio nikaanza kutoka nayo mbio kama wenzangu, na mlangoni, kwenye mwanga, nikaangalia ndani.

Kwenye kitako pana alama moja ya buluu, ndogo, ya kidole kilichopinda. Nimeigusa pembeni kwa ukucha. Ni mbichi.

Bibi Ng'washi amepita tena mara mbili, ananiita, ananitukana, anasema jiwe langu limebaki peke yake mbele kabisa na watu wameanza kuliruka. Mimi nimekaa mlangoni, ndoo mapajani. Nasikia maji yanavyotoka kule. Yanatoka kwa nguvu, masafi, na ndoo ninayo moja tu.